Kifungo cha Juu

Tangu amzike mkewe Desderia, Polikarpo alikuwa akija misa kifungo cha juu cha shati kikiwa wazi, na maneno hayakukosekana. Mgane anatafuta mke, walisema wanakwaya, ambao kwa midomo yao walikuwa wamekwisha kumwoza mara tatu.

Jumapili hiyo Mama Eustakia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza zamu ya mlangoni, alimzuia kwa mkono.

"Shemeji, unakwenda kumpokea Bwana kifua nje kama kijana wa disko? Kujisitiri si kazi yetu sisi wenye vitenge peke yetu."

"Najua, mama."

"Basi funga."

Polikarpo alishika kola, akaiachia. Miaka thelathini na mmoja Desderia alimfungia kifungo kile hapo hapo mlangoni, akimnong'oneza kwamba mwili uliobatizwa haufanyiwi maonyesho. Akikifunga mwenyewe, basi kweli hayupo.

"Mwenzangu ndiye aliyekuwa akinifungia," alisema.

Mama Eustakia, ambaye maneno hayajapata kumwishia, aliushusha mkono uliokuwa umemzuia. Kengele iligongwa. Akabana kitabu cha nyimbo kwapani, akanyoosha vidole kwenye kola yake.

Polikarpo alifumba macho, akainua kidevu kama zamani.