Kikapu cha Bi Kashinde

"Jamani, mmekuja kucheza au mnakwenda sokoni?"

Mtazamaji mmoja aliuliza, na wenzake wakacheka. Selestini, nahodha wa chuo kidogo, aliyerudi kutoka vitani mwaka uliopita, aliingia uwanjani amebeba kikapu cha ukili, kile cha mazoezi, kiwaletee bahati. Mwanzo wa msimu chuo chao kiliambiwa kwamba mpira wa kikapu unataka vikapu viwili, nao wakamwomba Bi Kashinde, msusi wa vikapu, awasukie. Hakuna aliyewaambia kwamba vikapu vyenyewe ni pete za chuma. Wakavitundika nguzoni, wakafanya mazoezi hivyo hivyo, hata walipokwisha kuziona pete kwa wenzao. Mdomo ulikuwa mwembamba, na kila bao lilidai ngazi ili mpira utolewe.

Leo ilikuwa fainali. Mkuu wa chuo alikwishasema kwamba wakishindwa, uwanja wao utalimwa karanga.

Zilibaki sekunde chache, nao walikuwa nyuma kwa pointi moja. Selestini aliupokea mpira mbali na nguzo, akainua macho kuitazama pete ya wenyeji.

"Rusha, kaka!" mwenzake Mbaruku alipiga kelele. "Hilo si tundu, ni mlango!"

Akarusha. Mpira ulipita katikati bila kugusa chuma. Filimbi ikalia, wenzake wakamrukia, lakini yeye alikuwa bado anaangalia juu, kama anayengoja ngazi iletwe.

Jioni, wakielekea stesheni, Selestini alijitwika kikapu kichwani. Mikono ya kombe ilichungulia nje. Walipopita sokoni, wauza nyanya waliinuka wakampisha.