Salamu Kutoka kwa Jambazi

Nilikuwa nimekaa chini saluni, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya msusi, usingizi ukininyemelea. Kwenye runinga kulikuwa na DVD ya filamu ya zamani isiyo na rangi, ya majambazi waliovunja benki. Mtafsiri mmoja aliigiza sauti zote kwa Kiswahili, za wanaume na za wanawake.

Mvua ilinyesha ndani ya filamu. Jambazi wa mwisho alisimama kwenye moshi wa treni na begi la fedha, polisi wakimjia polepole.

"Kimbia, mjinga wewe!" msusi akamfokea.

Hakukimbia. Mtafsiri akakohoa kidogo, na usingizi ukaniruka. Kikohozi kile nilikilea mimi. Nurdini wangu aliondoka kwenda Dar, na huu ni mwaka wa tatu bila hata salamu.

Midomo ya jambazi ilikuwa imefungwa, lakini sauti iliendelea taratibu.

"Mama Nurdini wa Ng'ambo, Tabora, shikamoo. Nipo hai."

Vidole vya msusi vikatulia kichwani mwangu.

"Marahaba," nikaijibu runinga. "Simu huna?"

Polisi wakainua bunduki.

"Rudisha nyuma," nikamwambia msusi. "Haraka, kabla hawajampiga."