Kichwa Kilichotoka Umra

Maji ya kitunguu yalikuwa yakimchuruzika Sikander kuelekea sikioni pale Mikail, katibu wa msikiti, alipopiga simu.

"Sikanderbhai, Jumapili tunakupa dakika kumi. Wasimulie watu umra yako."

Angekataaje? Wiki sita nyuma aliuaga msikiti mzima kwamba anakwenda Makka. Akaenda Istanbul, akapandikizwa nywele. Uongo ulishika vizuri kuliko nywele zenyewe: mwanamume akirudi umra amenyoa kipara, nani atauliza? Hapo Mississauga, Kanada, watu walimpa mkono, wakamwomba dua.

"Waambie unaumwa," alisema mkewe, Mehreen, akimpaka uwatu uliorowekwa.

"Naumwa nini?"

"Kichwa. Hapo hutakuwa umedanganya."

Nywele zilizopandwa zilikuwa zimepukutika wiki ya tatu. Daktari alisema ni kawaida, zitarudi. Sikander hakungoja. Asubuhi kitunguu, jioni uwatu, kitandani mafuta ya nyonyo. Kwenye treni ya kwenda kazini, kiti cha pembeni yake kilikuwa hakikaliwi tena.

"Mke wangu, mimi si mtu tena, ni kachumbari. Bado pilipili tu."

"Cheka. Ukiumbuka Jumapili, mimi upande wa wanawake sirudi. Utakwenda peke yako na kipara chako."

Jumapili Sikander alipanda jukwaani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Karibu yake wakamketisha Anverali, mzee wa kamati, aliyeaga kwenda Makka wiki zilezile. Huyu ni mtu wa kumsahihisha hata shehe katikati ya hotuba. Sikander akasimulia yote aliyoyatazama kwenye simu, akayatilia na machozi kidogo.

"Mwanangu," akauliza bibi Khatijabai kutoka upande wa wanawake, "mimi na magoti yangu haya natarajia kwenda mwezi ujao. Kule msikitini Makka, ule mlango wa karibu na lifti wameshaufungua?"

Sikander akaishusha kofia zaidi. "Bado, mama."

"Mbona nimeambiwa uko wazi?"

Macho yote yakamgeukia Anverali. Mehreen akajifunika uso kwa mtandio.

Anverali akakohoa. "Umefungwa," alisema. "Mimi na Sikander tulizunguka wote kwa miguu."

Watu wakaitikia kwa salawati.

Baadaye, Sikander akiwa bado anatafuta kiatu cha pili, mkono ukamkamata kiwiko. Anverali alimburuta hadi kwenye maegesho, nyuma ya gari kubwa.

"Bhai, nisamehe, shetani tu—"

"Nyamaza. Harufu hiyo ya kitunguu naijua."

Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainua kofia yake.

"Mimi walinipandia nywele elfu tatu," akanong'ona, "na yule daktari hapokei tena simu zangu. Wako anapokea?"