Kong'ony Hafukuzwi

Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kwenye fimbo ya gofu wakati kong'ony, yule korongo mwenye taji la dhahabu, alipotoka kwenye shamba la chai na kuja kusimama kati ya mpira wangu na shimo.

Lilikuwa pigo la mwisho. Mpira ukiingia, nimemshinda Mongina, rafiki yangu ambaye hunishinda kila Jumamosi na kunikumbusha sokoni hadi Ijumaa.

"Si ufukuze hiyo ndege," akasema. "Mvua inakuja."

"Hii ndiyo alama ya ukoo wetu. Hatufukuzi."

"Kwa hivyo tunangoja?"

"Tunangoja."

Kong'ony akainua mguu mmoja, akausahau hewani. Upepo ukapita katika taji lake. Kwetu Boito siku hizi tunamsikia tu akipita juu. Hapa niliona hata ile ngozi nyekundu ya kidevuni ikicheza alipomeza.

Kisha vifaranga wawili wa rangi ya punje za wimbi wakatoka mbio kwenye chai, mmoja akijikwaa kwenye nyasi.

"Kumbe ana watoto," Mongina akanong'ona. Mvua alikuwa ameshaisahau.

Mama yao akawavusha polepole, kama mwenye uwanja, hadi upande wa pili.

Nikainamia mpira tena. Mikono ilikuwa imetulia kabisa. Nikapiga, wala sikujisumbua kuufuata mpira kwa macho. Nilimtazama Mongina, nikamwona akinivulia kofia.