Chai Juu ya Simu

"Paka nailoni kidogo kwa ndani," mnunuzi kutoka Dar alimwambia Shufaa, mwenzetu wa karakana aliyebuni mfuniko wa kikombe wa karatasi pekee. "Nani atajua?"

"Nikipaka, haurejelezeki tena. Utaishia ufukweni kwetu, si sebuleni kwako."

"Bila nailoni utavuja, binti. Sinunui."

Shufaa akajaza chai ya moto, akaukandamiza mfuniko, kisha akakipindua kikombe juu ya simu ya mnunuzi, ile ya kamera tatu aliyoturingia tangu asubuhi.

"Wewe!"

"Tulia, bosi. Ukivuja, simu yako itakunywa chai ya Bagamoyo bure."

Tone moja likachungulia kwenye mkunjo wa karatasi, likavimba kama kunde, likaning'inia.

Mnunuzi akanyoosha mkono kuiokoa simu.

Shufaa hakukisogeza kikombe. "Rudisha mkono, bosi. Iache hapohapo."