Mkaja

Siku ya tatu baada ya kunyonywa mafuta ya tumbo hospitalini, Salha alikuwa akihangaika kufunga mkanda wa kubana, mama yake alipoingia chumbani bila hodi. Tumbo lilikuwa limevimba na kuvilia damu, maji mekundu yakivuja kwenye vitundu vya kiunoni. Mama akashika mlango.

"Kumbe ule unene ulikuwa mimba," alisema polepole. "Miaka tisa ya ndoa, halafu unanificha? Unajifunga mkaja wa uzazi peke yako?"

"Sijazaa, mama. Nimetolewa mafuta tu. Daktari kasema uvimbe utaisha."

Mama hakumsikia. Alitazama kitandani, kisha nyuma ya pazia. Akavua kanga ya begani, akaitandaza mikononi, akasubiri apewe mjukuu.