Kuku Wazee wa Siku ya Uhuru

Kisu kilikuwa kimeshanolewa. Kesho yake Burundi inapata uhuru, Rumonge nzima inataka pilau, na shemeji yangu Shafii amekuja kuchinja kuku wangu watano.

“Lete huyo wa kwanza, shemeji. Iko mzee sana, hajataga tangu Ramadhani.”

“Wiki tatu nawalisha makapi ya mawese na lengalenga, mchicha wa kukausha,” nikasema. “Ngoja kidogo.”

“Vizuri. Nyama itakuwa na rangi.”

Nikambana kuku kwapani, nikampima kwa kidole chini ya mkia, kama mama alivyonifundisha. Kidole kikagusa kitu kigumu, cha mviringo.

“Kitendawili,” nikamwambia Shafii.

“Tega, lakini upesi.”

“Anakula chekundu na kijani, anatoa cheupe.”

Kabla hajajibu, kuku alijikaza, na yai likaniangukia kiganjani, zito, limelowa, lina joto. Nikalishika mbele ya kisu chake.

Shafii alilitazama, kisha akatazama tenga la wale wanne.

“Na hawa wamekula chakula hicho hicho?”

“Weka kisu chini,” nikasema. “Nawa mikono, uwapime mwenyewe.”